Waitaliano nyumbani kwao: hodi, kahawa ya kusimama na meza ya Jumapili

Kila tunapozungumzia mila za watu wa mataifa mengine redioni, hakosi msikilizaji wa kutuma ujumbe: "Na Waitaliano je, wakoje?" Wengi wetu tunawajua kwa mpira wa miguu, kwa tambi na piza, au kwa wamisionari wa Consolata, shirika lililoanzia Turin kaskazini mwa Italia, ambao walifika Kenya mwaka 1902 na baadaye Iringa. Lakini mgeni akiwa ugenini huonyesha sehemu ndogo tu ya kwao. Makala hii inamfuata Mwitaliano hadi mlangoni kwake, mezani kwake na kijijini kwake.

Salamu zina ngazi

Neno la Kitaliano linalojulikana zaidi duniani ni "ciao", linalotamkwa "chao". Lilitoka katika lugha ya watu wa Venice, na maana yake ya mwanzo ni "mimi ni mtumwa wako". Msikilizaji wa Kiswahili hatashangaa sana, kwa sababu hata shikamoo yetu wengi huieleza kuwa ni kusema "nipo chini ya miguu yako".

Tofauti ni safari ya maneno hayo mawili. Shikamoo imebaki kwa wakubwa. Ciao imeshuka ikawa ya marafiki, ndugu na watoto. Ukimwambia "ciao" mzee usiyemfahamu, au mwenye duka uliyekutana naye leo, utaonekana huna adabu. Hao huambiwa "buongiorno" mchana na "buonasera" jioni. Kitaliano pia kina "wewe" mbili: "tu" kwa mtu wa karibu, na "Lei" kwa mtu wa kuheshimiwa. Kuhama kutoka Lei kwenda tu ni hatua, na kwa kawaida mkubwa ndiye anayemruhusu mdogo.

Na hodi? Wanayo. Mgeni anapovuka kizingiti husema "permesso?", yaani "naruhusiwa?", hata kama mwenyeji ameshamfungulia mlango na anatabasamu. Asiyesema huonekana ameingia kama nyumba ni yake. Mgeni hapendi kuja mikono mitupu pia. Hubeba keki, divai au maua, ila si maua ya krisanthemamu, kwa sababu hayo hupelekwa makaburini tarehe 2 Novemba, siku ya kuwakumbuka marehemu.

Kahawa ya kusimama

Kwa Waitaliano, "bar" si mahali pa pombe tu. Ni kijiwe cha kahawa kinachofunguliwa alfajiri. Mtu huingia, husimama kaunta, huletewa kikombe kidogo cha kahawa nzito, hunywa kwa mafunda mawili matatu, husalimiana na waliopo, kisha huondoka. Yote yanaweza kuchukua dakika tano. Katika miji mingi ukikaa mezani na kuhudumiwa, bei hupanda.

Kahawa yenye maziwa mengi, yaani cappuccino, ni ya asubuhi. Mgeni akiiagiza baada ya chakula cha mchana hatakataliwa, lakini watatazamana. Kwao maziwa mengi juu ya tumbo lililoshiba ni kujitafutia taabu.

Italia hailimi kahawa ya kulisha watu wake. Huinunua nje, Afrika Mashariki ikiwamo, na ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Uganda. Kahawa ya aina ya robusta, kama inayolimwa Uganda na Kagera, huchanganywa na arabika ili kikombe kiwe kizito na chenye povu.

Mjini Naples kuna desturi ya "kahawa iliyosubirishwa". Mtu hunywa kikombe kimoja na kulipia viwili. Cha pili humsubiri mtu yeyote asiye na hela atakayekuja kuuliza kama kipo. Aliyelipa hamjui mnywaji, na mnywaji hana wa kumshukuru.

Ugali wa Kitaliano na ugonjwa wake

Mahindi yalifika Italia kutoka Amerika baada ya safari za Columbus, kama yalivyotufikia sisi kutoka bara hilohilo. Kaskazini mwa nchi wakulima wakayafanya kuwa chakula kikuu. Unga husongwa kwa mwiko katika sufuria kubwa ya shaba hadi ushikane, kisha humwagwa juu ya ubao na kukatwa vipande. Huitwa polenta. Mtu wa Mbeya au Kitale akikaribishwa polenta ngumu atajua la kufanya bila kufundishwa.

Lakini polenta ina kumbukumbu chungu. Katika karne ya 18 na ya 19, maskini wengi wa mashambani kaskazini walikula polenta karibu peke yake, mwaka hadi mwaka, kwa sababu nyama, maziwa na mayai vilikwenda kwa mwenye shamba au sokoni. Ngozi zao zilianza kukauka na kupasuka zinapopigwa na jua, wakaharisha, wengine wakachanganyikiwa akili, na wengi wakafa. Mwaka 1771 daktari mmoja wa Milan aliandika jina walilotumia wanavijiji wenyewe: pellagra, yaani ngozi iliyokwaruza.

Chanzo kilikuwa upungufu wa vitamini iitwayo niasini, ambayo mwili hauipati vya kutosha kwenye mahindi matupu. Wenyeji wa Meksiko walikuwa wakichemsha mahindi kwa maji ya chokaa kabla ya kuyasaga, na njia hiyo huitoa vitamini hiyo. Wazungu walichukua mbegu, hawakuchukua maarifa ya kuipika. Ugonjwa ulitoweka hali ya maisha ilipoboreka na sahani ikapata maharage, maziwa, nyama na samaki.

Kwa hiyo ukimwona Mwitaliano mzee anasisitiza kwamba chakula kiwe na hiki na kile, usidhani ni maringo. Kizazi cha babu zake kiliona chakula kisichotosha kinavyomla mtu.

Kila mji na kengele yake

Italia ni nchi changa kuliko watu wanavyodhani. Iliungana kuwa taifa mwaka 1861, na Roma ikaingia mwaka 1870. Kabla ya hapo ilikuwa falme na miji iliyojitawala, kila mmoja na lahaja yake, sheria zake na mapishi yake. Ndiyo maana wana neno la mapenzi ya mtu kwa mji wake: campanilismo, kutokana na campanile, mnara wa kengele ya kanisa. Kwenu ni pale unaposikia kengele yenu.

Mapenzi hayo yanaonekana jikoni. Bologna wana mchuzi wa nyama na tambi pana, nao hukereka wanaposikia dunia ikiuita mchuzi wao wa spageti. Genoa wana mchuzi wa majani ya rihani. Naples ndio wenye piza. Trapani, magharibi mwa Sicily karibu na Tunisia, hula kuskusi kwa samaki. Kila mji pia una mtakatifu msimamizi na sikukuu yake. Naples humsherehekea San Gennaro tarehe 19 Septemba.

Mapenzi ya kwao huweza kugeuka dharau. Watu wa kusini waliwaita wa kaskazini "wala polenta", na wa kaskazini wakawaita wa kusini jina la kuwakejeli kuwa ni watu wa udongo. Jina hilo bado linauma, hasa kwa waliohamia viwanda vya Turin na Milan baada ya Vita vya Pili vya Dunia.

Meza ya Jumapili

Chakula cha mchana huliwa kama saa saba. Katika miji midogo maduka mengi hufungwa mchana na kufunguliwa tena alasiri. Jioni watu huvaa vizuri na kutembea polepole barabara kuu, wakisalimiana. Hawaendi popote. Wametoka kuonana.

Jumapili ndiyo siku ya meza kubwa. Huanza tambi au wali, kisha nyama au samaki na mboga, halafu matunda na vitamu, mwisho kahawa. Vyakula havirundikwi kwenye sahani moja. Kila kimoja huja kwa zamu, ndiyo maana mlo huchukua saa mbili au tatu. Katikati ya zamu hizo ndipo habari za shamba, ugonjwa, uchumba na siasa zinapotolewa. Mchuzi ukibaki kwenye sahani, nyumbani hufutwa kwa kipande cha mkate, na bibi mwenye nyumba hufurahi.

Meza inapopungua watu

Sasa meza hiyo inapungukiwa watu. Mwaka 2008 Italia ilipata watoto zaidi ya 570,000. Mwaka 2023 hawakufika 380,000. Karibu mtu mmoja kati ya wanne ana miaka 65 au zaidi. Vijana wengi hukaa kwa wazazi hadi karibu miaka 30, mara nyingi kwa sababu ya kodi kubwa ya nyumba na kazi zisizo na uhakika. Wengine huenda mjini au nje ya nchi, na vijiji vya milimani hubaki na wazee. Mwaka 2019 mji wa Sambuca, huko Sicily, ulitangaza nyumba zilizoachwa kwa bei ya kuanzia euro 1, kwa sharti kwamba mnunuzi aikarabati.

Pengo hilo limezibwa kwa sehemu na wageni. Wazee wengi hutunzwa na wanawake kutoka Ukraine, Romania, Moldova, Ufilipino au Peru, na mara nyingi ndio wanaopika tambi za Jumapili. Watoto wa wahamiaji huzungumza Kitaliano kwa lafudhi ya mji waliozaliwa. Lakini aliyezaliwa huko na wazazi wa kigeni kwa kawaida husubiri hadi atimize miaka 18 ndipo aombe uraia, na suala hilo huzua mabishano makali. Taifa ambalo watu wake karibu milioni 26 walihama kati ya 1876 na 1976 kutafuta maisha, sasa linajiuliza nani ana haki ya kuitwa mtoto wa nyumbani.

Majirani wa vijiji vilivyobaki na wazee hawahitaji kuelezwa jambo hili. Mapishi yanaweza kuandikwa kitabuni, lakini "permesso" inahitaji mtu wa kubisha na mtu wa kuitika.

Ukikutana na Mwitaliano, awe padre, mtalii au mnunuzi wa kahawa, mwamkie "buongiorno", sema "permesso" ukiingia kwake, na "grazie" ukipewa kitu. Akikukaribisha chakula, usiwe na haraka ya kuondoka.