Programu huria: leseni ni bure, matunzo yana gharama

Wafanyabiashara na wasafirishaji wanaoweka hesabu za mizigo, ankara na mwenendo wa malori kwenye kompyuta huambiwa mara kwa mara kuwa programu huria zitawapunguzia gharama. Ni kweli, ila hiyo ni nusu ya habari.

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi: yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuutumia bila kulipia leseni. Uwezo wake umekwishathibitika. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, inaendesha seva nyingi za intaneti duniani, na Soko la Hisa la London lilihamia kwenye mfumo unaotumia Linux mwezi Februari 2011.

Tatizo liko kwenye matunzo. Desemba 2020, watumiaji wa CentOS 8, toleo la Linux lisilo na malipo, walitangaziwa kuwa masahihisho yake yangekoma tarehe 31 Desemba 2021, ingawa walitarajia kuyapata hadi 2029. Hawakuwa na mkataba wa kudai chochote. Ikabidi wahamishe seva zao ndani ya mwaka mmoja.

Desemba 2021 ikaibuka kasoro ndani ya Log4j, programu huria ndogo inayoandika kumbukumbu za matukio katika mifumo mingi ya Java. Kasoro hiyo iliwawezesha wahalifu kuendesha amri zao kwenye seva za watu wakiwa mbali. Watunzaji wake, ambao ni watu wa kujitolea, walitoa masahihisho mwezi huohuo. Lakini yaliwafaa wale tu waliojua kuwa Log4j imo ndani ya mifumo yao.

Kwa mwenye malori, mfumo ukilala hati hazitoki, gari linakaa mpakani na kila siku ya kusimama ni hasara. Kabla ya kuikabidhi biashara kwa programu huria, yafaa kupata majibu haya:

1. Toleo hili litapata masahihisho hadi mwaka gani?
2. Ni nani hasa atakayeyaweka, na kwa malipo gani?
3. Ipo orodha ya programu zote zilizomo ndani ya mfumo?
4. Nakala ya akiba iko wapi, na ilijaribiwa kurejeshwa lini?

Sehemu ya fedha iliyookolewa kwenye leseni itengwe kwa ajili ya fundi. Asiye na fundi, afadhali aingie mkataba na kampuni inayohudumia programu hiyohiyo.