Silaha za Uwindaji: Sheria na Haki ya Mkulima

Kila mara tembo au fisi anapoua mtu katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na Kati, mjadala ule ule hufufuka. Wapo wanaodai kwamba sheria za silaha zimembana mno mwananchi wa kijijini, hata ameachwa mikono mitupu mbele ya mnyama mkali. Wapo pia wanaodai kwamba sheria hizo zingali legevu, na kwamba kila gobore na kila waya wa mtego uliobaki porini ni ushahidi wa ulegevu huo. Pande zote mbili husema kwa uchungu, na kila upande una makaburi na mizoga ya kuonyesha.

Mjadala huu unawahusu pia wasemao Kiswahili walio mbali na nchi zao, kama wale wanaoishi katika makazi ya Dzaleka, wilayani Dowa, kaskazini ya Lilongwe, na wale waliopata kufanya biashara Nsungwi, katika mji mkuu huo wa Malawi. Makazi ya Dzaleka yalifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na wengi wa wakazi wake wametoka Kongo, Burundi na Rwanda. Wametoka katika nchi ambako bunduki ilizagaa mpaka ikawafukuza majumbani mwao. Wamefika katika nchi ambako mkulima wa kawaida hamiliki bunduki. Ana jembe, mbwa na ngoma ya kufukuzia wanyama shambani.

Wilaya hiyo hiyo ya Dowa ilitoa mfano mchungu mwezi wa Machi, mwaka 2003. Mnyama mmoja, ambaye maofisa walimdhania kuwa fisi mwenye kichaa cha mbwa, alivamia vijiji, akaua watu wasiopungua watatu na kujeruhi wengine zaidi ya kumi. Wanavijiji wapatao 4,000 walihama makwao wakakimbilia Boma la Dowa, yaani makao makuu ya wilaya. Watu hao hawakukimbia kwa woga wa kitoto. Walikimbia kwa sababu mwenye silaha ya kumkabili mnyama yule alikuwa Serikali peke yake, na penye Serikali ndipo walipopafuata. Jambo hilo sharti likumbukwe na kila anayeandika sheria ya silaha akiwa ofisini.

Nchini Malawi sheria zinazotawala jambo hili ni mbili. Sheria ya Silaha ya mwaka 1967 haimkatazi mtu kabisa kumiliki bunduki. Inamtaka awe na kibali, na bunduki isiyo na kibali ni kosa hata kama haijafyatuliwa. Sheria ya Hifadhi za Taifa na Wanyamapori ya mwaka 1992 inamhusu mnyama mwenyewe na namna ya kumwinda. Hii ndiyo inayoweka chini ya kibali, au kupiga marufuku, mitego, marima, sumu, moto na magari katika uwindaji. Mwaka 2017 sheria hii ya pili ilirekebishwa na adhabu zikapandishwa sana, hata makosa makubwa yanayohusu wanyama walio hatarini yanaweza kumpatia mtu kifungo cha hadi miaka 30. Kama zilivyo sheria za nchi jirani, inamtambulia mtu haki ya kujitetea anaposhambuliwa. Lakini nyara ya mnyama aliyeuawa ni mali ya Serikali, si ya aliyejitetea.

Hapa inafaa kutenga mambo mawili ambayo huchanganywa mara kwa mara. Anayechimba mashimo ya panya baada ya mavuno, akawachemsha na kuwauza katika vijiti kando ya barabara kuu, kama ifanywavyo sana katika Malawi ya kati, si mtu aliyekusudiwa na adhabu ya miaka 30. Moto anaouwasha kuwatoa panya hao ni jambo jingine, kwa kuwa moto haujui mpaka wa shamba wala wa msitu.

Chanzo cha gobore katika nchi hizi ni cha zamani, na Waswahili wana sehemu yao katika historia hiyo. Katika karne ya 19 misafara ya pwani ilivuka Ziwa Nyasa ikipeleka bunduki, baruti na nguo, ikirudi na pembe za ndovu na watumwa. Salim bin Abdallah, aliyejulikana kwa cheo cha Jumbe, alijijengea utawala Nkhotakota; Mlozi alijenga ngome yake karibu na Karonga, akapigana na Waingereza hadi alipokamatwa na kunyongwa mwezi wa Desemba, 1895. Mataifa ya Ulaya yaliyokutana Brussels yalikuwa yamekwisha tia saini, mwaka 1890, mkataba uliozuia kuingizwa bunduki za kisasa katika Afrika, kuanzia latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Mkataba huo ulisifiwa kuwa wa kukomesha biashara ya watumwa. Ulikuwa pia na faida nyingine kwa walioutunga: mtawaliwa asiwe na silaha iliyo sawa na ya mtawala. Lakini uliacha mlango mmoja. Bunduki ya gumegume, yenye mtutu laini usio na mifuo ndani, pamoja na baruti ya kawaida, iliweza kuendelea kuuzwa kwa Mwafrika. Ndipo mwindaji wa kijijini akabakiwa na silaha ya kizamani, huku mgeni akija na raifo.

Urithi huo ungali unaonekana. Wahunzi hutengeneza magobore kwa bomba la maji au kwa chuma cha usukani wa gari kuukuu. Baruti huweza kupatikana kwa kukwangua vichwa vya viberiti, na risasi ikawa kipande cha nondo. Silaha ya namna hii ni hatari mbele na nyuma. Mtutu ukipasuka humkata mpigaji vidole au kumpofua. Usipopasuka, mara nyingi humjeruhi mnyama bila kumwua. Nyati au tembo aliyejeruhiwa huishi siku nyingi na maumivu yake, na anayekutana naye baadaye ni mwanamke aliyekwenda kutafuta kuni. Hii ndiyo sababu kanuni za uwindaji, kwa mfano nchini Tanzania, hutaka wanyama wakubwa wapigwe kwa raifo yenye kipimo kisichopungua .375. Kipimo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya fahari ya watalii. Kimewekwa ili risasi ifike panapotakiwa na mnyama aanguke pale pale.

Gobore, hata hivyo, angalau lina mtu anayelenga. Waya hauna. Mtego wa tanzi hufanywa kwa waya wa uzio, waya wa umeme, waya wa breki ya baiskeli au nyuzi zilizotolewa katika gurudumu la gari. Gharama yake ni ndogo mno. Mtu mmoja huweza kutega mitego hamsini kwa siku moja katika njia za wanyama waendao majini, kisha asirudi kuikagua yote. Aliyetega alimtaka swala. Atakayenaswa huenda akawa simba, mbwa mwitu, au mtoto wa tembo atakayepoteza mkonga wake. Nyama ya wengi huozea palepale bila kufika chunguni. Katika Hifadhi ya Liwonde, tangu mwaka 2015 ilipowekwa chini ya usimamizi wa shirika la African Parks kwa makubaliano na Serikali ya Malawi, askari wa wanyamapori wameondoa maelfu kwa maelfu ya nyaya za namna hiyo. Anayesema kwamba marufuku ya mitego ya waya ni uonevu wa maskini atazame kwanza hasara hiyo, kwa kuwa maskini mwenyewe hapati hata nusu ya kile anachokiharibu.

Lakini haitoshi kusema kwamba kila marufuku ilikuwa na haki kwa sababu hii moja ina haki. Mkataba wa London wa mwaka 1900 juu ya wanyama wa Afrika ulitiwa saini na mataifa ya Ulaya, na hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyeulizwa. Ulielekea kuzikandamiza nyavu na marima, yaani vifaa vya wenyeji, na kumwachia mwenye leseni na raifo aendelee. Nchi huru za Afrika zilipotunga mkataba wao wenyewe mjini Algiers mwaka 1968, zilikataza pia sumu, moto, baruti na matumizi ya magari. Hata hivyo mizani ya zamani haikuondoka yote.

Mfano ulio wazi ni wa Wawaata, wawindaji wa nyika za Tsavo nchini Kenya. Watu hawa waliwinda tembo kwa upinde mrefu na mishale yenye sumu iliyochemshwa kutoka katika mti. Hifadhi ya Tsavo ilitengwa mwaka 1948, na katika miaka ya 1956 na 1957 ikaendeshwa kampeni kubwa dhidi yao. Wengi wakapelekwa gerezani. Upinde ukanyamazishwa. Miaka 20 haikupita kabla bunduki za kivita hazijaingia, zikiwa mikononi mwa watu ambao hawakuwa Wawaata. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wote mwaka 1977. Pamoja na hayo tembo wa eneo la Tsavo, waliokadiriwa kuwa karibu 35,000 mapema katika miaka ya 1970, walibaki karibu 6,000 mwaka 1988. Sheria iliyomshinda mtu wa podo haikuwa na nguvu mbele ya mtu mwenye bunduki ya kivita na mnunuzi aliye tayari mjini.

Wakazi wa Dzaleka waliotoka Kivu hawahitaji kwenda Tsavo ili kulielewa jambo hili. Katika Hifadhi ya Virunga viboko walikadiriwa kuwa karibu 29,000 katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 2005 walikuwa hawafiki 1,000. Hawakumalizwa na rima la mwanakijiji. Waliuawa kwa bunduki za askari na za makundi ya waasi, nyama ikaliwa na kuuzwa. Wavuvi wa Vitshumbi, katika Ziwa Edward, walijionea matokeo yake, maana samba la kiboko ndilo linalorutubisha maji ambamo samaki hula. Viboko walipotoweka, samaki nao wakapungua. Katika nchi yenye vita sheria ya silaha za uwindaji ni karatasi tu, kwa kuwa anayeivunja ndiye mwenye kazi ya kuilinda.

Tena yuko mtu ambaye sheria ya bunduki haimgusi kabisa, kwa sababu hashiki bunduki. Mwezi wa Septemba, 2021, mahakama mjini Lilongwe ilimhukumu Lin Yunhua, raia wa China aliyekuwa kiongozi wa mtandao wa biashara haramu ya nyara, kifungo cha miaka 14 kwa makosa yaliyohusu pembe za faru na fedha haramu. Hukumu hiyo ilipokelewa kwa furaha na wahifadhi. Mwaka 2025 aliachiliwa kwa msamaha wa Rais. Mwanakijiji aliyefungwa kwa ajili ya waya ana haki ya kuuliza mizani hiyo inapimwaje.

Suala la mkulima limezidi kuwa zito tangu mwezi wa Julai, 2022. Hifadhi ya Kasungu, inayopakana na Zambia, ilikuwa na tembo wapatao 1,200 katika miaka ya 1970, na ujangili ukawapunguza hadi karibu 50 mwaka 2015. Ili kuifufua, tembo 263 walihamishwa kutoka Liwonde. Kwa uhifadhi hiyo ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini uzio haukuwa umekamilika, na tembo hawakuelezwa mwisho wa hifadhi ni wapi. Waliingia mashambani pande zote mbili za mpaka, mahindi yakaliwa, ghala zikabomolewa, na watu kadhaa wakauawa.

Je, jawabu lingekuwa kuwapa wakulima hao bunduki? Hapana. Gobore halimwui tembo bali humkasirisha, na raifo kubwa mikononi mwa mtu asiyefunzwa, usiku, katika kijiji chenye watoto, ni msiba mwingine. Bunduki iliyotolewa kwa ajili ya shamba pia hukodishwa kwa jangili msimu wa mavuno ukiisha. Jambo hilo linajulikana katika nchi zote za kanda hii. Kwa hiyo Serikali inayo haki ya kuizuia silaha. Lakini haki hiyo ina deni ndani yake. Aliyemnyang'anya mkulima silaha amejitwika kazi ya kuja anapoitwa, akiwa na gari lenye mafuta na askari mwenye raifo, usiku ule ule, wala si baada ya siku tatu kuja kupima ukubwa wa hasara. Amejitwika pia uzio na fidia. Pale ambapo kazi hiyo haifanyiki, mkulima hurudia waya, na hurudia akijua kabisa kwamba ni kosa.

Upande wa pili wa mpaka wa Kasungu, katika bonde la Luangwa nchini Zambia, umejaribiwa mpango wenye kufaa kutazamwa. Tangu mapema katika miaka ya 2000 shirika la COMACO limekuwa likiwaita majangili wasalimishe magobore na nyaya zao, na badala yake wapewe mafunzo ya kilimo au ufugaji wa nyuki, pamoja na soko la mazao yao kwa bei iliyo nzuri kwa anayekubali kuacha ujangili. Silaha nyingi zimetolewa kwa hiari. Mpango huo una matatizo yake, maana mvua ikikosekana bei nzuri ya mahindi haina maana. Hata hivyo unatambua jambo ambalo msako wa polisi peke yake hautambui: gobore likichukuliwa leo bila kitu kingine kutolewa, bomba la kutengenezea jingine lipo, na mhunzi bado yupo kijijini.