Maoni ya mashine nayo yawe na mwenyewe

Asiyekuwapo na lake halipo, walinena wahenga. Nimeukumbuka msemo huo kwa sababu ya zana mpya inayozidi kuenea miongoni mwa mafundi wa programu za tarakilishi. Zana hiyo ni wakala wa akili unde anayepewa ruhusa ya kusoma daftari la hitilafu na kuandika maoni humo, kana kwamba yeye ni fundi miongoni mwa mafundi. Naandika haya nikiwa Nyamarambe, kusini mwa Kaunti ya Kisii, na nashikilia kwamba jambo hili linawahusu walimu na wanafunzi wa hapa kuliko wanavyodhani.

Daftari la hitilafu ni nini? Kila programu kubwa ina mahali pa kusajili kasoro zake. Anayeikuta kasoro hufungua tikiti na kueleza alichokifanya, alichokitarajia na kilichotokea. Wenzake huandika maoni chini yake, wakiuliza, wakithibitisha au wakipendekeza dawa, hadi tikiti ifungwe. Desturi hii ina mizizi ya kale. Tarehe 9 Septemba 1947, wahudumu wa tarakilishi ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimkuta nondo amenaswa ndani ya mtambo. Walimbandika daftarini, wakaandika saa na mahali alipopatikana. Huo ulikuwa ushahidi kamili wa kilichoonekana, lini na wapi.

Msomaji asidhani kwamba hayo ni mambo ya ng'ambo. Programu ya OpenMRS, inayohifadhi rekodi za wagonjwa, ilianzishwa mwaka 2004, na ilianza kutumika Eldoret mwaka 2006 chini ya mpango wa AMPATH, ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Juu ya msingi wake ndipo ilipojengwa KenyaEMR, inayotumika katika vituo vingi vya afya vya umma nchini. Tikiti za OpenMRS ziko wazi kwa yeyote kuzisoma, na baadhi yake hutengwa kwa wanagenzi ili wapate pa kuanzia.

Sasa mlangoni pamefika mgeni. Mwezi Mei 2025, GitHub, mahali ambapo mafundi wengi duniani huhifadhi kazi zao, ilitangaza wakala anayeweza kukabidhiwa tikiti kama anavyokabidhiwa binadamu. Wakala wa namna hii husoma tikiti, hupekua msimbo wa programu, kisha hubandika maoni yake kwa muda mfupi mno.

Sikatai manufaa yake. Anaweza kutambua kwamba tikiti mbili zinazungumzia kasoro moja. Anaweza kumkumbusha mleta habari kwamba hakutaja toleo la programu analotumia. Anaweza hata kuchukua maelezo ya muuguzi aliyeandika kwa Kiswahili na kuyafasiri ili fundi aliye nchi ya mbali ayaelewe. Hizo ni huduma za kushukuriwa.

Lakini ufasaha si ushahidi. Daniel Stenberg, Mswidi anayeongoza programu ya curl tangu 1998, alianza mwaka 2024 kulalamika hadharani kuhusu ripoti zilizotungwa na akili unde. Zilikuwa na lugha nzuri, ila hitilafu zilizotajwa hazikuwako. Kila moja ilimla mtu saa za kuichunguza. Mwanzoni mwa 2026 mradi huo ulisitisha malipo ya zawadi kwa wanaoripoti hitilafu. Hata hivyo, mwaka 2025 Stenberg huyo huyo alishukuru alipoletewa orodha ya hitilafu za kweli zilizogunduliwa kwa msaada wa zana za aina hiyo hiyo. Tofauti ilikuwa nini? Nyuma ya orodha hiyo alisimama mtu anayejua anachokisema.

Tuchukue mfano wa tikiti inayosema kwamba programu ya zahanati inaonyesha tarehe isiyo sahihi ya mgonjwa kurudi kuchukua dawa. Maoni yakiandikwa kwamba kasoro imekwisha, na aliyeyaandika hakujaribu chochote, tikiti itafungwa na mgonjwa atakosa dawa. Tutamuuliza nani?

Liko na jambo la pili, nalo laniuma zaidi. Kule Tabaka, si mbali na hapa, mchongaji wa mawe hakuanza kwa kuchonga kiboko. Alianza kwa kupiga msasa kazi za wakubwa, na humo vidole vyake vikajifunza jiwe. Tikiti ndogondogo ndiyo msasa wa fundi wa programu. Tukimwachia wakala zote kwa sababu ana kasi, kijana wa Nyamarambe aliyehitimu chuo ataingilia mlango upi?

Kwa hiyo napendekeza masharti manne. Kwanza, maoni ya mashine yatiwe jina la mashine, pamoja na jina la binadamu atakayeyajibia. Pili, wakala aseme alichokijaribu na asichokijaribu, na asifunge tikiti kabla ya aliyeifungua kuthibitisha. Tatu, tikiti za wanagenzi waachiwe wanagenzi. Nne, habari za mgonjwa zisipelekwe kwa wakala kiholela, kwani tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019.

Walimu wenzangu, mwaka 2022 nchi yetu iliidhinisha silabasi ya kufundisha uandishi wa programu shuleni. Somo hili la maoni tunaweza kulianza hata pasipo tarakilishi. Kila darasa na liwe na daftari la hitilafu: mfereji unaovuja, dawati lililovunjika, taa isiyowaka. Mwanafunzi aandike alichokiona, lini na wapi, atie jina lake, na mwenzake aende akague kabla ya kuandika neno. Atakayelelewa hivyo ataweza kumtuma wakala wa akili unde bila kugeuzwa mtumwa wake, kwa maana atakuwa amekwisha kujua kwamba kutoa maoni ni kutoa ushahidi, na shahidi hujulikana kwa jina.