Plastiki ya Kuvika Daftari la Kushona Nyumbani

Daftari linalotengenezwa nyumbani huanza kuharibika mgongoni, yaani pale karatasi zinapokunjwa na kushonwa pamoja, kisha huharibika pembeni, na uso wa jalada ndio unaodumu kuliko sehemu zote. Kwa hiyo anayechagua plastiki ya jalada kwa kutazama mng'ao na rangi peke yake huwa amepima sehemu isiyo na shida na kuiacha ile inayobeba kazi. Jambo hili lina uzito wake katika kata za Dar es Salaam kama Magomeni, ambako mzazi hachomi wala hatupi madaftari ya mwaka uliopita kabla ya kunyofoa karatasi zilizobaki nyeupe ili azishone upya. Serikali ilipofuta ada na michango ya lazima katika shule za umma hadi kidato cha nne mwanzoni mwa 2016, gharama ya madaftari ilibaki kwa mzazi, na mwenye watoto watatu au wanne shuleni anajua namna mzigo huo unavyojirudia kila Januari.

Wengine hawasubiri mabaki, bali hununua rimu ya karatasi Kariakoo na kuigawanya wenyewe. Rimu moja ya karatasi za A4 ina karatasi 500, na karatasi 24 zikikunjwa katikati hutoa daftari la ukubwa wa A5 lenye kurasa 96, hivyo rimu hiyo hutoa madaftari 20 na karatasi 20 za akiba. Karatasi 24 hazikunjwi zote kwa pamoja, kwa kuwa zile za ndani zingechomoza nje ya nyingine. Hugawanywa katika mafungu sita ya karatasi nne nne, na kila fungu hushonwa kwenye mkunjo wake. Mafungu hayo yakipangwa yanafanya mgongo wenye unene wa karibu milimita 5, na hapo ndipo wengi hukwama: jalada la kuzunguka daftari hilo, mbele, mgongoni na nyuma, linahitaji upana wa karibu milimita 302, ilhali karatasi ya plastiki ya A4 inayouzwa kwa ajili ya kubaindi ina milimita 297. Nusu sentimita hiyo inayopungua ndiyo inayomlazimu mshonaji aidha kukata kingo za karatasi zake zote, aidha kutafuta plastiki ya ukubwa mwingine, na ni afadhali ajue hesabu hii kabla hajapanda basi la mwendokasi kuvuka Jangwani kwenda dukani.

Inafaa kukumbuka kwamba lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya mali iliyotumika kabla ya plastiki. Neno "jalada" na kitenzi "jalidi" vinatokana na mzizi wa Kiarabu unaohusu ngozi, na "daftari" lilipita katika Kiajemi na Kiarabu likitokea katika neno la Kigiriki lililomaanisha ngozi iliyotengenezwa kwa kuandikiwa. Katika mwambao wa Waswahili, mji wa Siyu katika kisiwa cha Pate ulisifika kwa mafundi wa ngozi na kwa misahafu iliyonakiliwa na kujalidiwa huko katika karne ya 18 na ya 19. Fundi wa Siyu alichagua ngozi kwa sababu inakunjika mara nyingi bila kukatika, inashika uzi na gundi, na inapitisha hewa kidogo. Plastiki yoyote inayoletwa kuchukua nafasi hiyo inapaswa kupimwa kwa sifa hizo hizo, kisha kuongezewa ile moja ambayo ngozi haikuwa nayo, ambayo ni kuzuia maji.

Ugumu wa kwanza wa kuchagua ni majina. Dar es Salaam karibu kila plastiki laini huitwa "nailoni", ingawa nailoni ya kweli ni plastiki ya nyuzi, inayotumika katika kamba na nyavu za kuvulia. Kinachouzwa kwa jina hilo kwa ajili ya madaftari huwa ni mojawapo ya plastiki nne zenye tabia tofauti kabisa: polithini, polipropilini, PVC, au PET. Tangu 1988, ulipobuniwa Marekani utaratibu wa kuchapa namba ndani ya alama ya pembetatu, vitu vingi vya plastiki hutambulika kwa namba hizo, ambapo 1 ni PET, 2 na 4 ni polithini ngumu na laini, 3 ni PVC, na 5 ni polipropilini. Tatizo ni kwamba plastiki inayokatwa kwa mita kutoka kwenye roli haina alama yoyote, na muuzaji wa rejareja mara nyingi hajui anachokata.

Iliyo ya hatari zaidi kwa daftari ndiyo inayovutia zaidi. PVC laini, ile plastiki angavu na nyororo inayofunika meza za chakula, kwa asili si laini hata kidogo. Ni plastiki ile ile ya mabomba ya maji, ambayo imechanganywa na vilainishi, yaani kemikali za mafuta mafuta zinazojipenyeza kati ya chembe zake na kuifanya ipinde. Vilainishi hivyo havikushikamana nayo kwa dhati, hivyo kadiri muda na joto vinavyokwenda huhama kutoka ndani ya plastiki na kuingia katika kitu kinachoigusa. Ikiwa kinachoigusa ni karatasi ya fotokopi, matokeo yake yanajulikana na kila mhifadhi wa nyaraka: wino wa fotokopi si maji bali ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, vilainishi huulainisha tena, na maandishi hung'oka kwenye karatasi yakabaki yamenasa kwenye jalada. Mwanafunzi aliyeshona maswali ya mitihani iliyopita na kuyavika PVC anaweza kuukuta ukurasa wa kwanza umehamia kwenye plastiki. Zaidi ya hayo, baadhi ya vilainishi vya kundi linaloitwa thaleti vilipigwa marufuku na Umoja wa Ulaya mwaka 2005 katika vitu vya kuchezea watoto, kwa sababu ya madhara yake katika mfumo wa uzazi, na mtoto wa darasa la kwanza hutafuna pembe ya daftari kama anavyotafuna kalamu. Harufu kali ya pazia jipya la bafuni ndiyo dalili ya PVC laini, na plastiki yenye harufu hiyo isiwekwe kwenye daftari la mtoto.

Kinyume chake ni polipropilini, plastiki nyepesi, kavu kidogo mkononi, inayotoa mlio wa kukwaruza inapokunjwa. Ilianza kupatikana katika umbo lake gumu lenye manufaa mwaka 1954, katika maabara ya mwanakemia Mwitaliano Giulio Natta, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler wa Ujerumani. Sifa inayoipa ubora katika kazi ya daftari ni ile inayoonekana kwenye vifuniko vya chupa za mafuta na shampuu vinavyofunguka bila kutenganika na chupa: ukanda mwembamba wa polipropilini hukunjwa maelfu ya mara bila kukatika, kwa kuwa mkunjo wa kwanza huzipanga chembe zake upande mmoja na kuziimarisha. Mgongo wa daftari unahitaji sifa hiyo hasa. Haina vilainishi, hivyo hainyonyi maandishi, na wala haihitaji kununuliwa kwa roli, kwa kuwa mafaili mengi ya plastiki ya kukunja yanayouzwa madukani yametengenezwa kwayo. Faili la A4 likikatwa kwenye mkunjo wake hutoa vipande viwili, kila kimoja kikiwa na urefu wa karibu milimita 310, na hivyo kile kinachopungua katika karatasi ya A4 hapa kinatosha na kuzidi: faili moja huvika madaftari mawili.

Polipropilini ina ila moja ambayo humkatisha tamaa asiyeijua. Haishiki gundi. Gundi nyeupe ya mbao hukauka juu yake na kubanduka kama gamba, na hata gundi ya viatu haidumu, kwa sababu uso wake hauruhusu kimiminika kutanda na kujishikiza. Polithini nayo ina tabia hiyo hiyo. Jalada la polipropilini basi lishonwe, au libaindiwe kwa spairo, au likunjwe lifanye mifuko miwili ambamo majalada ya karatasi ngumu huchomekwa. Anayeshona asitumie sindano nyembamba yenye matundu ya karibu karibu, kwa sababu safu ya matundu madogo hugeuka mstari wa kuchania kama ule wa tiketi. Matundu yaachane sentimita moja na nusu hivi, yatobolewe kwa shazia, na kipande cha kitenge cha upana wa vidole viwili kiwekwe ndani ya mgongo ili uzi ukaze juu ya kitambaa na si juu ya plastiki peke yake. Vipande vya namna hiyo hupatikana bure kwa mafundi cherehani.

Kuhusu PET, plastiki ya chupa za maji ambayo pia hutengenezwa kuwa karatasi angavu, maneno machache yanatosha. Ni imara, haina vilainishi na hukaa wima vizuri, hivyo inafaa kuwa uso wa mbele na wa nyuma wa daftari la spairo, lakini haifai kuzungushwa mgongoni. Laminesheni ni jamaa yake, maana hiyo ni filamu mbili za PET zenye tabaka la gundi linaloyeyuka kwa joto. Karatasi ya manila iliyolaminetiwa hufanya jalada zuri, ila ikikunjwa tabaka huachana na maji hupitia hapo.

Polithini, kwa upande wake, ndiyo plastiki ya makava membamba yanayotelezeshwa juu ya daftari. Unene wake hupimwa kwa mikroni, ambapo mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya fotokopi ina karibu mikroni 100, na plastiki ya jalada la kubaindi huwa na 150 hadi 200. Polithini nyembamba haiwezi kusimama yenyewe, kwa hiyo desturi ya zamani ya shule za Tanzania, ya kujalidi kwanza kwa karatasi ya kaki kisha kuvika plastiki juu yake, ni desturi yenye akili: kaki hutoa ugumu, plastiki huzuia maji, na ikichakaa hubadilishwa bila kugusa ushonaji. Itambulike pia kwamba katazo lililoanza Tanzania Bara tarehe 1 Juni 2019 lilihusu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, na jalada la daftari si mfuko wa kubebea.

Anayetaka kujua plastiki aliyopewa ni ipi asiichome moto, maana PVC ikiungua hutoa mvuke wa asidi ya haidrokloriki unaodhuru mapafu. Bilauri ya maji inatosha. Kipande cha ukubwa wa ukucha hutiwa ndani ya maji yenye tone la sabuni, husukumwa chini kwa kidole na kuachiwa: polithini na polipropilini ni nyepesi kuliko maji, hivyo huibuka, PVC na PET ni nzito zaidi, hivyo huzama. Kilichoibuka kikivutika kinapovutwa ni polithini, na kikikataa na kulia ni polipropilini; kilichozama kikiwa kinanyumbulika kama mpira ni PVC laini. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na ni cha kutegemewa kuliko neno la dukani.

Vilevile zipo mali zilizokwisha kulipiwa na ambazo hukaa nyumbani bila kazi. Viroba vya mchele na unga hufumwa kwa nyuzi za polipropilini, na huvika daftari vizuri iwapo kingo zitakunjwa mara mbili na kushonwa ili zisifumuke. Hata mifuko mbadala iliyoenea baada ya katazo la 2019, ambayo wengi huidhani ni ya kitambaa, kwa kawaida ni polipropilini isiyofumwa, na kiwango cha chini cha uzito kilichowekwa nchini ni gramu 70 kwa mita ya mraba. Hushoneka kwa cherehani bila taabu, ingawa haizuii maji. Mabango ya matangazo, yaliyo imara kuliko vyote, yamepakwa PVC, na kwa sababu zilizokwisha elezwa yafaa kwa daftari la hesabu za duka linaloandikwa kwa kalamu ya kawaida, yasiguse fotokopi wala mikono ya watoto wadogo.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam ina neno lake la mwisho katika uchaguzi huu. Jua huvunja chembe za polipropilini na polithini, kama anavyojua yeyote aliyeacha kiroba juu ya paa mpaka kikawa unga, hivyo daftari lisianikwe dirishani. Wakati wa masika, Machi hadi Mei, karatasi hufyonza unyevu kutoka hewani, na daftari lililozibwa kwa selotepu pande zote haliwezi kuutoa tena. Ukungu huanza ndani huku nje kukiwa kukavu. Jalada linalovulika, lililoacha kingo tatu wazi, ni bora kuliko lililogandishwa.

Wauzaji wa jumla wa Kariakoo wanaweza kulirahisisha jambo hili zima kwa kalamu moja. Waandike aina ya plastiki na mikroni zake kwenye kila roli na kila bunda kabla halijafika kwa muuzaji wa rejareja, na mnunuzi anayetoka Magomeni azoee kuuliza mambo hayo mawili kabla ya kuuliza bei.