Kutunza Moyo na Mfuko Baada ya Kupunguzwa Kazini

Aliyepunguzwa kazini huambiwa na kila mtu asikate tamaa. Ushauri huo ni mwema, lakini haumwelezi afanye nini Jumatatu asubuhi, wakati wenzake wamekwisha kupanda daladala naye hana pa kwenda. Sisi tunaopokea malalamiko ya watumiaji tunaona kwamba uchangamfu wa mtafuta kazi haumalizwi na kukosa mshahara peke yake. Humalizwa zaidi na mambo mawili, nayo ni siri na haraka.

Tuanze na siri. Wapo wanaoendelea kupiga pasi shati na kuondoka nyumbani alfajiri, wakashinda stendi au kwa rafiki hadi jioni, ili mwenza na watoto wasijue. Nauli inakwenda, chakula cha mchana kinanunuliwa, na ada ya shule inaahidiwa kwa fedha zisizokuwapo. Lililo baya zaidi, siku zinahesabika. Anayeamini kwamba ameachishwa kazi isivyo halali ana siku 30 tu za kupeleka mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, yaani CMA. Akichelewa, itambidi kwanza aombe kuongezewa muda na kutoa sababu za msingi, na kuona aibu si sababu rahisi kuitetea.

Kwa hiyo waambie wa nyumbani mapema, kisha kaeni pamoja na mwandike kinachostahili kuingia. Kwa mujibu wa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, aliyepunguzwa hudai mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hakuichukua, malipo badala ya notisi endapo hakupewa, na kiinua mgongo kisichopungua mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10. Dai pia cheti cha utumishi. Kama ulikuwa mwanachama wa NSSF na umechangia kwa miezi isiyopungua 18, ulizia fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Ndiyo maana barua ya kuachishwa haifai kuchanwa kwa hasira.

Fedha hizo hazitafika mbali, nasi hatudai vinginevyo. Lakini mtu anayejua kwamba kodi na unga vya miezi miwili vipo, huingia kwenye usaili na sauti nyingine kabisa.

Haraka nayo ndiyo mtaji wa matapeli. Ujumbe huja kwenye simu: umechaguliwa, tuma fedha kidogo ya fomu. Ukituma, zinatakiwa za vipimo vya afya, kisha za sare. Aliyelizwa hivyo hupoteza fedha, ila kinachochelewa kumrudia ni ujasiri. Tangazo la kweli likija, anapita tu. Usilipe ili uajiriwe. Fika ofisini kwao, au piga namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyo katika ujumbe. Usimpe mtu namba yako ya siri, wala usiweke alama ya kidole kwa ajili ya "kusajiliwa kazini" mbele ya usiyemjua, kwani laini inaweza kusajiliwa kwa jina lako. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na namba ya tapeli itume kwenda 15040.

Vivyo hivyo mikopo ya "kausha damu". Mkopeshaji asiye na leseni ya Benki Kuu ya Tanzania, anayetaka kwanza kusoma majina yote yaliyo katika simu yako, anatafuta watu wa kuwatangazia deni lako utakapochelewa. Miongoni mwao huenda yumo ambaye angekuajiri.

Lipo jambo moja tunaloliona likipuuzwa mno. Watu hujitoa kwenye kwaya, timu ya mtaa au kikundi cha kuweka na kukopa kwa sababu mchango umekuwa mgumu. Usijitoe, zungumza na mweka hazina upunguziwe. Habari za nafasi za kazi mara nyingi hupita hapo kabla hazijabandikwa popote, na hata zisipopita, utakuwa umecheka na wenzako jioni hiyo.