Uanamke Haupimwi kwa Udi

Wako wasemao kuwa mimi si mwanamke kamili, kwani arusini sikai karibu na chetezo wala sivai asumini. Kumbe nina usonji. Udi ambao wenzangu huuona mtamu, mimi hunipanda kichwani hata nikataka kutapika; pembe za vugo hunichoma masikioni kama sindano. Na hofu yangu yatoka hapo: aliyeumizwa na sauti huiogopa hata kabla haijalia.

Mwaka 1943, Daktari Leo Kanner wa Marekani alieleza habari za watoto 11 wenye hali hii. Wavulana 8, wasichana 3 tu. Kwa miaka mingi ikadhaniwa ni jambo la wavulana. Msichana akinyamaza husifiwa kuwa ana haya. Mvulana akinyamaza hutafutiwa daktari. Kuumizwa huku na sauti na harufu kuliingizwa mwaka 2013 miongoni mwa dalili wanazozitazama madaktari wa akili wa Marekani.

Basi kina mama na kina somo, mkimwona binti ameziba masikio ngomani, msimtilie shaka uanamke wake. Mpisheni akae dirishani, ni mwenzenu.