Vijana Wetu, Simu na Wasiwasi wa Mapenzi

Zamani kijana wa Kongwa au Bahi aliyetaka kumpelekea msichana salamu aliandika barua, akampa mwenzake amwaminiye aipeleke. Jibu lilikuja baada ya wiki moja au mbili, na pengine halikuja kabisa. Kusubiri lilikuwa jambo la kawaida. Leo ujumbe hufika kwa sekunde chache, na jibu likichelewa nusu saa tu moyo huanza kwenda mbio. Mwezi huu tuzungumzie wasiwasi huo, kwani unawanyima vijana wetu usingizi na wakati mwingine unawatia hatarini.

Tuanze na chombo chenyewe. Katika WhatsApp, tiki moja ya kijivu maana yake ujumbe umetoka kwako. Tiki mbili za kijivu, umefika. Zikigeuka bluu, umefunguliwa. Rangi hiyo ya bluu ilianza Novemba 2014. Haisemi aliyefungua yuko wapi wala kwa nini hajajibu. Pengine simu ni ya mama, naye ameichukua kwenda nayo mnadani Msalato. Pengine bando limeisha. Pengine ameitwa kuteka maji. Lakini kijana mwenye wasiwasi husoma neno moja tu: "Ana mwingine."

Kwa nini vijana huumia hivyo? Ubongo wa binadamu haukomai wote kwa wakati mmoja. Sehemu zinazohusika na hisia huchangamka mapema wakati wa balehe. Sehemu ya mbele, inayopima mambo na kutuliza, huendelea kukomaa hata baada ya miaka 20. Basi uchungu wa mtoto wa miaka 15 ni uchungu wa kweli, wala si deko. Tukimcheka, siku nyingine hatatuambia.

Tena, kuchungulia simu hakuleti amani. Kijana akiangalia mwenzake alikuwa hewani saa ngapi, hutulia kidogo, kisha hutaka kuangalia tena. Ni kama kukuna upele: unapata nafuu ya dakika moja, kidonda kinazidi.

Hatari kubwa huja pale upendo unapodaiwa ushahidi. Tuchukue mfano wa msichana wa kidato cha pili. Rafiki yake wa kiume anamwambia, "Kama unaniamini, nipe neno lako la siri." Anampa. Baadaye anaambiwa, "Kama unanipenda kweli, nitumie picha ukiwa hujavaa nguo." Anaogopa kuachwa, anatuma. Wanapogombana, picha inaingia katika kundi la wanafunzi. Picha iliyosambaa ni kama uwele uliomwagika mchangani: huwezi kuuokota wote.

Vijana, elewaneni hapa. Kuaminiana ni kumwacha mwenzako awe na siri zake, na kuuliza kwa adabu unapokuwa na shaka. Anayekulazimisha kuthibitisha upendo anakutawala. Mfahamu pia kwamba kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kusambaza picha za ngono za watoto. Hata anayeipokea na kuipeleka mbele "kwa utani" anavunja sheria.

Nasi wazazi tujiulize: je, baba na mama wananyang'anyana simu mbele ya watoto? Watoto hujifunza wivu na kuaminiana kwa kututazama sisi kwanza.

Tufanye nini nyumbani? Usiku simu zote, hata za wazazi, zilale sebuleni. Tuzungumze na watoto tukiwa shambani au jikoni, kabla ya matatizo. Likitokea la picha, tusimpige mtoto wala tusiivunje simu, maana humo ndimo ulimo ushahidi. Tumwambie kwanza, "Umefanya vema kuniambia." Kisha tuende Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, au tupige namba 116 ya Huduma kwa Mtoto, ambayo ni bure.

Tuangalie dalili: kukosa usingizi, kuacha kula, kushuka masomo, kujitenga, au kusema afadhali afe. Neno hili la mwisho tusilipuuze hata siku moja. Tusimwache peke yake, tumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Akielekezwa Hospitali ya Mirembe hapa Dodoma, tusione aibu. Kutibiwa Mirembe si kuitwa kichaa. Moyo nao huugua, na hutibiwa kama malaria inavyotibiwa.

Leo jioni, kabla ya kulala, tumuulize mtoto wetu swali moja: "Ni nani anayekupa wasiwasi siku hizi?" Kisha tunyamaze, tumsikilize.